Nani Analipa Nauli?

Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, Mwaka A. Injili: Mathayo 4:1–11



Injili ya leo imetupeleka jangwani, kisha ikatupandisha juu ya kinara cha Hekalu. Napenda tukae kidogo pale juu. Shetani anamwambia Bwana wetu ajitupe chini, kwa kuwa malaika watampokea. Lakini tujiulize: kwa nini Hekaluni? Jangwa la Yudea lina magenge marefu ya kutosha. Kama jambo lilikuwa kujua tu iwapo malaika wapo, Yesu angeweza kuruka palepale alipokuwa. Tofauti ni moja. Jangwani hapana watu. Chini ya kinara cha Hekalu kuna uwanja, na uwanjani kuna wauza njiwa, wabadili fedha, mahujaji, wapagazi na wajane wenye sarafu zao mbili. Shetani hakumpa Yesu wazo la kuruka tu. Alimpa na watazamaji. Kwa lugha ya siku zetu tungesema kwamba alimshauri aanze kampeni.

Na Bwana wetu akakataa. Lakini jaribu lile halikufia jangwani, ndugu zangu. Linaturudia kila baada ya miaka mitano.

Tangu uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi uliporejea Oktoba 1995, tumeona mengi. Mwaka huo umati ulisukuma kwa mikono gari la Augustino Mrema, naye John Cheyo, jirani yetu wa Bariadi, akajulikana nchi nzima kwa jina la Bwana Mapesa. Mwaka 2005 Freeman Mbowe alileta helikopta katika kampeni za urais, na wengi walikwenda uwanjani kuitazama chopa kwanza, na maneno ya aliyeshuka ndani yake baadaye. Mwaka 2015 Edward Lowassa, aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu, alipanda daladala jijini Dar es Salaam akaketi pamoja na abiria. Na mshindani wake John Magufuli, mwana wa Chato katika mwambao huu huu wa ziwa, akapiga pushapu jukwaani ili watu wauone uzima wa mwili wake. Mwaka 2020 Hashim Rungwe alikumbukwa na wengi kwa ahadi yake ya ubwabwa. Nawataja watu wa vyama mbalimbali kwa makusudi, asije msikilizaji akasema kwamba padre anampigia debe fulani na kumpaka matope fulani. Watatu kati yao wamekwisha kututangulia mbele ya haki, na tunawaombea rehema.

Hao ni wakubwa wa kitaifa. Kwetu huku, msimu ukifika, tunamwona mgombea amevua viatu mwaloni Kirumba, amejitwisha gunia la dagaa hatua kumi, kumi tu, mpaka mpiga picha aseme imetosha. Tunamwona juu ya bodaboda, hajui pa kuweka miguu. Anasonga ugali kwa mama ntilie, anashona nyavu, anachoma mahindi. Hata uwanja wetu mashuhuri wa mikutano hapa Mwanza unaitwa Furahisha. Jina hilo halina kosa lolote. Ila wanasiasa wamelitendea haki kupita kiasi.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa mambo ya kuvuta umati. Kila mwaka, wakati wa Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, hufanyika Bulabo kule Bujora, Kisesa, alikofanya kazi Padre David Clement. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na mizani ya ushindi ni umati wenyewe: kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana mchezaji analeta chatu, au anafanya miujiza mingine ya uwanjani, ili watu wa upande wa pili wageuze shingo na kuhama. Ni mchezo halali, na ni urithi mzuri wa wazee wetu. Lakini hata mtoto anayechunga ng'ombe anajua kwamba mshindi wa ngoma hakabidhiwi ufunguo wa ghala. Akimaliza kucheza na chatu wake, anapigiwa vigelegele, naye anarudi kwake. Sisi tumechanganya uwanja wa ngoma na ghala.

Sasa tuirudie daladala. Mimi sisemi kwamba mgombea akipanda daladala ametenda dhambi, wala siwezi kuujua moyo wake. Nasema tu: tazameni kinachotokea. Abiria wa kila siku anayetoka Igoma au Buhongwa alfajiri anasafiri ameinama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika mfuko wake. Mwanafunzi anasukumwa nje kwa sababu nauli yake ni ndogo. Mama mwenye beseni la samaki anatukanwa kwa sababu ya harufu. Mgombea akiingia, hayo yote yanatoweka. Konda anapata adabu ghafla. Kiti kinafutwa vumbi. Mwanafunzi anapata nafasi, na mama wa samaki anaitwa mama. Basi mheshimiwa anashuka kituoni akiwa na picha ya daladala ambayo haijawahi kuwapo, naye anaamini kwamba ameyajua maisha yetu. Alikuja kuona, na kuja kwake kumekificha kile alichokuja kukiona.

Tukifika visiwani, jambo hili halichekeshi tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kikitoka Bugolora. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora. Chombo kilichotengenezwa kwa abiria wapatao 100 kilikuwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na ndugu zetu 228 walipoteza maisha. Siku anayovuka mheshimiwa, kivuko hakijai. Watu wanaambiwa wangoje kingine. Mizigo inapangwa vizuri, na maboya ya kujiokolea yanaonekana. Angeweza kuvuka mara mia namna hiyo asiione hatari ambayo kila mama wa Ukara anayepeleka mihogo gulioni aliifahamu. Anayetaka kweli kujua, na avuke siku ya gulio, bila kutangaza, bila bendera, nauli yake mkononi kama wengine.

Mwana wa Mungu alifanya hivyo hasa. Kabla ya kusimama jangwani mbele ya Mshawishi, alikuwa ameishi Nazareti miaka ipatayo thelathini, fundi seremala mtoto wa fundi seremala, na Injili karibu hazina la kusimulia juu ya miaka hiyo. Mtume Paulo anapowaeleza Wafilipi unyenyekevu wa Kristo, haonyeshi mtu aliyevaa utumwa kama joho la siku moja. Alizaliwa ndani yake na akafa ndani yake. Ndiyo maana aliweza kuzungumza juu ya mwanamke anayetafuta sarafu moja chini ya kitanda, na juu ya vibarua wanaosimama sokoni hadi saa kumi na moja jioni bila mtu wa kuwaajiri. Mambo hayo hayaonekani na mtu anayepita.

Hapo msikilizaji mmoja ataniuliza: Padre, je, manabii nao hawakufanya mambo ya kushangaza hadharani? Ni kweli, walifanya. Yeremia alivaa nira ya mti shingoni akatembea nayo mjini. Isaya alikwenda miaka mitatu bila viatu wala nguo. Bwana wetu mwenyewe aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, na umati ulijaa barabarani. Basi ishara ya hadharani si ovu kwa asili yake. Swali la kuuliza ni lile ambalo konda analiuliza kila siku: nani analipa nauli? Yeremia aliishia kutupwa katika kisima cha matope. Bwana wetu alipanda mwanapunda Dominika, na Ijumaa akatundikwa msalabani. Ishara ya nabii inamgharimu nabii. Mbwembwe za mgombea zinamgharimu mwingine: mwenye gunia ndiye aliyeazimwa mgongo wake kwa dakika mbili, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

Mwanza tunayo kumbukumbu moja inayofaa hapa. Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa, mwendo wa kilometa zipatazo 200, kuja kwenye mkutano mkuu wa TANU. Ilikuwa ishara, na ilipigwa picha. Tusijifanye kwamba hakujua kuwa anatazamwa. Lakini mwaka huohuo, mwezi Februari, Azimio la Arusha lilikuwa limewafunga viongozi, yeye akiwa wa kwanza: wasipokee mishahara miwili, wasiwe na hisa katika makampuni, wasipangishe nyumba. Mtu anaweza kutoikubali siasa ya Ujamaa. Wapo wazee wetu walioumia walipohamishiwa vijijini kwa nguvu, nao wana haki ya kusema. Hata hivyo vumbi la safari ile lilikuwa na sharti nyuma yake, sharti lililomgusa mtembeaji mfukoni. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kutembea kumebaki.

Kwa haki hiyohiyo niseme jambo la upande mwingine. Yule aliyepiga pushapu mwaka 2015 ndiye ambaye katika utawala wake ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi ulianza, nalo lilifunguliwa Juni 2025 likiwa na urefu wa kilometa 3. Leo mgonjwa wa Sengerema hangoji kivuko usiku ili afike Bugando. Na wakati wa utawala huohuo, mwaka 2018, ilipita Operesheni Sangara, nyavu zikachomwa moto, na wavuvi wengi wakabaki na madeni. Sitetei kokoro wala nyavu haramu. Ziwa likiisha tumekwisha sisi. Ninachosema ni kwamba mvuvi anapomkumbuka kiongozi yule, kwa shukrani au kwa uchungu, anakumbuka daraja au anakumbuka nyavu. Pushapu hazimo katika hesabu yake.

Ng'ambo ya ziwa, kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2022 alama ilikuwa toroli. William Ruto alisimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara, akajiita mtu wa wahangaikaji, na mama mboga na vijana wa bodaboda wakasikia wametajwa. Alishinda. Mei 2024 uliletwa Muswada wa Fedha ambao mwanzoni ulipendekeza kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Vijana wakamiminika barabarani, tarehe 25 Juni wakaingia bungeni, wengine wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Watu waliopewa toroli kuwa alama yao walikuja kuuliza habari ya mkate.

Lakini nisiwaseme wagombea peke yao, maana mbwembwe haziuziki pasipo mnunuzi. Waliosoma wanapenda kuwacheka wanyonge wanaoshangilia: eti wanadanganywa na kofia na kanga. Mimi siwacheki. Mama anayeanika dagaa mchangani Igombe anaamka kabla ya jogoo, na mwaka mzima hakuna mkubwa anayemwona. Anayemfuata ni mkusanya ushuru. Siku moja anakuja mtu ambaye picha yake iko ukutani, anainama, anamshika mkono wenye magamba, anamwuliza jina. Furaha ya mama huyo ni ya kweli. Njaa ya kuonwa ni njaa, kama ile ya mkate, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeitia ndani yetu. Hapo ndipo dhambi ilipo: kuichukua njaa hiyo, iliyo takatifu, na kuifanyia biashara ya kura.

Waulizeni wamachinga wa Makoroboi. Desemba 2016 ilitoka amri ya Rais kwamba wasiondolewe mjini. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000, na wengi wakavivaa shingoni kama medali. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani, hapa Mwanza na katika miji mingine. Huenda mji ulihitaji mpangilio. Mtembea kwa miguu naye ana haki yake. Lakini mtu hawezi kuwa mboni ya jicho mwaka mmoja na uchafu wa mji mwaka mwingine, kisha akatazamiwa kuziamini tena salamu za kampeni.

Tuliwahi hata kuyawekea mambo haya sheria. Mwaka 2000 Bunge liliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikakibatilisha mwaka 2006. Neno zuri kama takrima, lenye asili ya heshima, likatumwa kubeba mzigo wa rushwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Nao hawakuwa wameona msafara wa kampeni.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, na damu iliyomwagika siku ile na siku zilizofuata, na familia zilizobaki na msiba, kuzungumzia pushapu na daladala kunaweza kuonekana mchezo. Nimelifikiri hilo kabla ya kuja mbele ya kipaza sauti. Nami naona kwamba mambo haya mawili yanatoka katika mzizi mmoja. Mtu aliyezoezwa kwa miaka thelathini kuwa mtazamaji tu, anayepelekwa uwanjani kwa lori na kurudishwa kwa lori, amekwisha kunyang'anywa kitu kabla ya risasi ya kwanza. Siku anapotaka kusema, wenye uwanja wanaona kwamba ameingia mahali pasipo pake. Tunawaombea marehemu wote, na tunawaombea wenye mamlaka wasikie kilio cha waliofiwa.

Kwenu makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo nina ombi la vitendo, na msingoje mwaka 2030. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi kusomwa mbele ya watu. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa mwananchi. Huko hakuna ngoma, wala kofia, wala ubwabwa. Aghalabu viti vya wananchi huwa vitupu. Jumuiya ichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke anayefanya kazi mwaloni, waende wakasikilize, kisha watoe taarifa siku ya sala. Msipeleke waimbaji. Pelekeni mtu anayejua kuhesabu.

Na msimu utakaporudi, akija mgeni wa kujitwisha gunia, apokewe kwa chai na heshima zote, kisha aulizwe habari za gunia hilo. Mbebaji analipwa kiasi gani kulitoa mtumbwini hadi garini? Akivunjika mgongo, nani anamtibu? Ushuru wa gunia hilo unafanya kazi gani? Nyakati za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika mchangani, watoto wa mbebaji wanakula nini? Asiyejua asione aibu. Akae ajifunze. Mwenye gunia amesubiri siku nyingi kuulizwa, na atakuwa na mengi ya kumweleza.

Mwinjili Yohane anatusimulia kwamba kando ya ziwa la Galilaya Bwana aliwalisha watu elfu tano, nao wakataka kumshika kwa nguvu wamfanye mfalme. Umati alikuwa nao, mkate alikuwa nao, na uwanja ulikuwa tayari. Akawaacha, akapanda mlimani peke yake. Usiku huo wanafunzi walikuwa majini wakipiga makasia, upepo mkali ukiwakabili, na giza limetanda. Akawaendea huko huko, saa ambayo hapakuwa na mtu wa kutazama. Mwinjili anautaja hata umbali waliokuwa wamekwisha kwenda, kama mtu aliyehesabu kila pigo la kasia.

Tuwaombee wavuvi watakaokuwa ziwani usiku wa leo, kati ya Ukerewe na Ukara na mahali pengine pote, na wale wanaowangoja nchi kavu. Amina.